Kibuyu Changu Kilivyonipeleka Moshi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lile lile, na kila mmoja namjibu kipande. Nimechoka kujibu vipande. Nimekaa chini siku nne nimeandika yote kwa mkono wangu, na binti yangu Oresta amenakili kwenye simu awatumie. Mimi nimeishia darasa la tatu, kwa hiyo atakayekuta kosa alisahihishe kimoyomoyo, asinipigie. Nimejenga nyumba tatu bila kujua koma inakaa wapi.

Habari za tiketi, rufaa na vitambulisho siziandiki. Alizishughulikia Oresta, na hata yeye hataki kuzikumbuka.

Maposeni, kabla ya kuondoka

Mnajua nilikotoka. Ujanani nilifyatua matofali ya watu, baadaye nikafyatua yangu. Shamba la Maposeni nililing'oa visiki kwa mikono hii, na hakuna aliyenipa hata jembe. Na kibuyu changu mnakijua. Kilining'inia kwenye mti wa msuku katikati ya shamba, kimefungwa kitambaa chekundu, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyevunja hindi langu hata moja. Majirani walikuwa wanaibiwa mpaka maboga. Kwangu watu waliogopa hata kukatiza.

Mwaka jana wakati wa mavuno nikaanza kuwashwa. Upele hakuna, ni washo mtupu, miezi na miezi, mpaka nikawa najikuna kwa gunzi. Karibu na Krismasi yakatoka malengelenge. Yalianza mapajani, yakaja mikononi, yakaja tumboni, makubwa, yamekaza, yamejaa maji. Lengelenge moja lilitoshana na yai la kwale. Mtu mmoja akasema mkanda wa jeshi, na nyote mnajua mtu akisema hivyo anamaanisha nini. Nikamwambia mkanda wa jeshi hushika upande mmoja, na mimi nimeshikwa kote. Zahanati walinipa dawa ya kupaka wakasema ikishindwa niende mbele. Ilishindwa.

Halafu yakaanza maneno yenyewe. Dawa ya shamba imemgeukia. Imekosa mwizi, sasa inamla mwenyewe. Kwenye sala za jumuiya kiti cha kulia kwangu kikawa kitupu, na cha kushoto kikafuata. Rafiki yangu Longino, ambaye tumechoma matanuri pamoja tangu hatujaoa, alikuja nyumbani akakaa mbali kidogo.

"Kolumbani, mtafute aliyekufungia kile kibuyu akifungue, kabla hakijakumaliza."

Nikafunika mikono yangu kwa shuka.

"Nitajie jina lake tu. Nitamfuata mimi, hata kama yuko ng'ambo ya Ruvuma."

Sikumtajia. Longino akaondoka amekasirika, na haki alikuwa nayo.

Kuna mtu mwingine lazima nimtaje hapa, maana bila yeye safari hii haieleweki. Ni Generosa, mjane wa marehemu rafiki yangu, ambaye shamba lake limepakana na langu. Miaka sita iliyopita alitokwa na malengelenge ya namna hii hii. Kijiji kizima kikasema kibuyu cha Kolumbani kimemkamata. Hakuna aliyekuja kuniuliza nimeibiwa nini. Watu waliacha kunywa maji kwake, wakaacha kumwita kwenye kazi za kusaidiana, mwisho akaliacha shamba akahamia Msamala kwa binti yake.

Mimi niliondoka Songea kwenda hospitali ya Moshi na jambo moja kichwani: nirudi na jina la ugonjwa wangu limeandikwa kwenye karatasi, niwasomee, jina langu lisafishwe. Jina la Generosa wakati ule sikuwa nalo kichwani. Nasema ukweli.

Songea hadi Iringa

Suruali ilikuwa inanichuna, kwa hiyo Oresta, ambaye ni fundi cherehani pale Lizaboni, alinishonea kanzu pana nyeupe na kofia nyepesi ya kufunika lengelenge la kichwani. Nikamwambia mimi nimebatizwa Peramiho. Akasema, "Baba, ngozi haijabatizwa. Vaa."

Kwenye basi, kijana aliyekuwa na kiti pembeni yangu aliona bandeji zimelowa, akainuka, akasimama kutoka Songea mpaka Njombe ameshika chuma cha juu. Sikumwomba arudi. Miguu ilikuwa yake. Oresta alikuwa viti viwili nyuma, akinitazama kama mtoto wa kupelekwa kliniki.

Njombe kijana akashuka, akapanda mama mmoja mnene na mfuko wa parachichi. Akajitupa kwenye kile kiti mpaka nikaruka.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene."

"Wewe Mngoni."

"Umejuaje?"

"Umekaa kwenye kiti kama babu yako alikiteka."

Kumbe Mhehe wa Mafinga, mtani wangu. Basi mtu akikutana na mtani safari inakuwa fupi. Nikamwambia aondoe macho kwenye kapu langu, mna nyama ya mbuzi, na Wahehe nasikia hawachagui mnyama. Akasema Wangoni tulikuja kwao tumeshika ngao mbele, tukaondoka tumezivaa mgongoni. Abiria wa mbele wakacheka. Hapo ndipo alipoona mikono yangu.

"Umefanya nini?"

"Mafuta ya moto."

"Ulikuwa unapika nini?"

"Maandazi."

"Mwanaume wa Kingoni, mzee hivi, unapika maandazi." Akageuka kuwatangazia watu wa nyuma. "Jamani, Wangoni siku hizi wanapika maandazi."

Makambako tulisimama muda mrefu kwa sababu ya tairi. Oresta alileta viazi vya kuchemsha na kuku mgumu kama kiatu. Yule mama akapasua parachichi, akalitia chumvi, akaniwekea kipande kiganjani, mkono wake ukagusa bandeji na hakuufuta. Tangu Krismasi hakuna mtu asiye wa nyumbani kwangu aliyenigusa. Sijui kama ni hilo au ni utani wenyewe, lakini basi lilipoondoka nilimwambia jambo ambalo marehemu mke wangu alikufa hajaambiwa.

Nilimwambia si mafuta, ni ugonjwa ambao kijiji kinasema umeletwa na kibuyu changu cha kulinda shamba, na kwamba kibuyu hicho hakina kitu. Nilikichukua jikoni mwenyewe, nikatia mkaa, manyoya ya kuku na betri ya redio iliyokufa. Betri niliiweka ili kigonge upepo ukikitikisa. Mganga sijawahi kumpa hata yai.

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. "Kwa hiyo Maposeni nzima wanaogopa betri."

"Nzima."

"Na wewe sasa wanasema betri imekugeukia."

"Ndiyo hivyo."

Akacheka tena. Halafu akauliza, bado uso una kicheko, "Na haijawahi kumkamata mtu?"

Nilitazama nje. Ile misitu ya miti iliyopangwa mistari ilikuwa imeanza.

"Walisema imemkamata mama mmoja."

"Aliiba?"

"Hapana. Shamba langu nalijua kila shina. Hakikupungua kitu."

"Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu."

"Kwa nini?"

"Kibuyu kilipata nguvu. Baada ya yule mama, hata nyani walikuwa hawaingii."

Tulipofika Mafinga akainuka, akaniachia parachichi mawili kwenye kiti. "Mtani, maandazi yako nimeyacheka na betri yako nimeicheka. Hilo la yule mama silicheki." Akashuka. Mimi ni mtu wa kujibu, mnanijua. Siku ile nilishika parachichi tu, na basi likaondoka.

Iringa hadi Kondoa

Kutoka Iringa kushuka Mtera ni joto ambalo sisi wa Songea hatulijui. Jasho likiingia kwenye ngozi iliyochubuka ni pilipili. Samaki wa Mtera nilikula hivyo hivyo, mzima, mpaka kichwa, maana ugonjwa ulikuwa umenichukua ngozi lakini mdomo uliniachia. Dodoma tulipolala, binti wa nyumba ya wageni aliuliza kama ni nyuki. Nikasema nyuki. Akaniletea ndoo ya maji baridi na akawaita wenzake waje kumwona mzee aliyepona nyuki. Oresta alikuwa ananitazama.

"Iringa ulisema petroli. Kwenye basi mafuta ya maandazi. Hapa nyuki. Baba, ukifika Moshi utamwambia daktari nini?"

"Daktari nitamwambia atazame. Ndiyo kazi yake."

Kesho yake basi la kwenda Arusha lilikatika mkanda wa injini pale Kondoa. Fundi akaitwa, fundi akaitafuta spea, spea ikatafutwa mji mzima. Nilikaa kwenye gogo mbele ya duka la nafaka. Mwenye duka, mzee mrefu aliyeitwa Mzee Issa, akatoka.

"Assalaam alaykum, shehe wangu."

Nikajibu, "Waalaykum salaam," kama ninavyojibu siku zote. Nimenunua korosho za watu wa Tunduru miaka mingi, salamu hiyo naijua. Sikukumbuka kwamba nimevaa kanzu na kofia.

Basi nikashikwa mkono nikaingizwa ndani. Mkeka ukatandikwa. Oresta, ambaye alikuwa amejitanda khanga kwa ajili ya vumbi, akaonyeshwa chumba cha akina mama akapelekwa kabla hajafungua mdomo. Likaja sinia la wali na nyama ya mbuzi iliyopikwa na watu wanaojua kupika. Tulikuwa wanne kwenye sinia: mimi, Mzee Issa, mdogo wake, na mpangaji wao.

"Shehe ni mgeni," Mzee Issa akasema, "tuombee dua."

Wote wakakinga viganja. Na mimi, kwa mazoea ya miaka sabini, nikapeleka mkono kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Kwa jina la Baba na la Mwana.

Viganja vilibaki hewani. Mzee Issa akanitazama kofia, akanitazama kanzu, akanitazama mkono uliokuwa umesimama begani.

"Baba," akasema taratibu, "wewe ni wa wapi hasa?"

"Mkatoliki wa Songea."

"Na kanzu?"

"Ya malengelenge."

Nikavuta mkono wa kanzu juu wakaona. Sikusema mafuta, sikusema nyuki. Nilisema ni ugonjwa, siujui jina, naenda Moshi kuulizia. Mdogo wake akaacha kukinga viganja akairudisha mikono yake magotini.

"Unaambukiza?"

"Sijui."

Mpangaji akakumbuka shughuli nje. Mzee Issa akafikiri. Halafu akasema bismillahi kwa sauti, akachagua pande la nyama akalisukuma upande wangu wa sinia, akamega wali.

"Mimi nina miaka themanini na mbili," akasema. "Ukiniambukiza nitaumwa lini? Kula, Mkatoliki."

Nilikula. Oresta alirudi ameshiba na zawadi ya bizari, akiwa ameombwa uchumba wa mtu fulani ambaye hakumwona.

Kondoa hadi Moshi

Basi lilitengenezwa alasiri, tukalala Babati, tukafika Moshi siku ya pili mchana. Sina mengi ya njiani, nilipata usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza tangu Songea. Mlima ulikuwa umefunikwa. Niliambiwa utaonekana asubuhi, na asubuhi haukuonekana, na mpaka naondoka niliuona mara moja nikiwa natoka chooni.

Ila chakula lazima niseme. Niliagiza ndizi na nyama, nikitegemea vipande vya nyama na ndizi mbivu pembeni kama mtu mwenye akili zake. Dada wa hotelini akaniletea bakuli la kitu laini kinachofuka moshi.

"Binti, mimi sijafikia kulishwa uji."

"Huu si uji, babu. Ni mtori. Hata mama akijifungua ndiyo tunampa."

"Na mimi naonekana nimejifungua?"

Akanitazama kanzu akasema hajui, huku kwao hawamuulizi mgeni. Nilimaliza bakuli, nikaagiza la pili.

Siku kumi na moja Moshi

Hospitalini niliingizwa kwenye chumba nikamkuta binti mdogo kuliko Oresta, ana miwani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Daktari yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Nilimtazama Oresta, Oresta akatazama dirisha. Lakini nitasema haki: yule binti alinitazama ngozi kama mimi ninavyolitazama tofali, kwa kuligeuza pande zote. Alibonyeza lengelenge pembeni kwa kidole. Akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kabla ya haya kutoka, uliwashwa muda gani?" Nikamwambia tangu mavuno. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona njia anayoijua. Alikata kinyama kidogo cha ngozi, kiasi cha punje ya mtama, kikapelekwa kupimwa, nami nikalazwa kusubiri majibu.

Manesi walitoboa malengelenge makubwa kwa sindano safi, wakatoa maji, wakaiacha ngozi ya juu ifunike kidonda. Nilikuwa nayapasua kwa ukucha mimi. Wakanipaka dawa nzito mwili mzima, asubuhi na jioni, na vidonge juu yake. Siku ya sita hakikutoka kipya.

Kitanda cha jirani alikuwa Mzee Aminieli, Mchaga mwenye migomba yake huko juu, na malengelenge yake yalikuwa ndugu na yangu. Kwao walisema amesogeza mpaka wa shamba.

"Uliusogeza?" nikamuuliza.

"Baba yangu aliusogeza," akasema. "Mimi niliukuta umeshasogea."

Tulicheka mpaka nesi akatuletea maji. Ni yeye aliyenieleza habari za isale, ule mmea wanaopanda mipakani. Akasema mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, hata kama ulikuwa umeshika panga, unakaa chini unamsikiliza. Alipokuja mwanawe kumtazama, akamtuma akaniletee tawi. Sikuwa nimemwambia kitu, ila nadhani nilikuwa nimeuliza maswali mengi mno kuhusu jani.

Majibu yakaja. Daktari akavuta kiti akakaa karibu.

"Babu, mwilini mna walinzi. Kazi yao ni kupigana na vijidudu. Uzeeni, kwa watu wachache, walinzi hao wanapotea njia. Wanamwona mwenye nyumba ndiye mwizi, wanaishambulia ngozi yake. Ndiyo haya malengelenge."

"Nani kawatuma?"

"Hakuna aliyewatuma. Na kwa nini wameanza kwako na si kwa jirani yako, mara nyingi hatujui."

"Yanaambukiza?"

"Hayaambukizi. Yanatibika, ila yanaweza kurudi, kwa hiyo dawa usiiache kwa kujiamulia."

Hapo nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Jina langu lilikuwa limepona kabla ya ngozi. Lakini mdomo ukaendelea kuuliza bila kuniomba ruhusa.

"Mtu mwingine wa Songea anaweza kuupata?"

"Popote walipo wazee, babu. Si ugonjwa wa watu wengi, lakini upo."

"Hata mwanamke?"

"Hata mwanamke."

"Hata miaka sita iliyopita?"

Akaweka kalamu chini. "Babu, unaniuliza kuhusu nani?"

"Jirani."

"Jirani alitibiwa?"

"Hapana. Walisema ni mwizi."

Akasema hawezi kumpima mtu ambaye hajamwona, lakini huyo jirani aende hospitali ya mkoa na barua, wamtazame. Nikamwomba aandike lile jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, kwenye karatasi mbili. Ni jina refu, halikai mdomoni. Ninalo kwenye mfuko wa shati, anayetaka aje alisome.

Kurudi

Kurudi kulikuwa kwepesi. Nilivaa suruali. Kondoa basi halikuharibika, nikampungia mkono Mzee Issa dirishani, akakunja uso akitafuta huyo ni nani bila kanzu. Mafinga nilitazama kila mama mnene aliyepanda. Mtani wangu hakuwemo.

Tulipoiacha Mafinga Oresta akauliza, "Baba, karatasi ya pili ni ya nani?"

Nikamwambia yote: betri, Generosa, ukimya wangu. Alitazama dirishani mpaka Makambako. Halafu akasema, bila kunitazama, "Binti yake alikuwa analeta vitambaa vyake kwangu. Akaacha. Miaka yote nilidhani amepata fundi mzuri kuliko mimi."

Msamala

Sikwenda Maposeni. Nilikwenda Msamala moja kwa moja, na begi langu. Generosa alikuwa uani anapeta maharage. Amekonda. Mikono yote ina mabaka meusi, na juu ya kiwiko palikuwa na lengelenge jipya, limekaza, nikalitambua kama mtu anavyomtambua ndugu yake.

"Shemeji," akasema, "umekuja kuhakikisha nimekufa?"

"Nimekuja na maneno."

"Na hilo jani?"

Isale lilikuwa limekunjika njia nzima, ila bado la kijani. "Ni isale. Wachaga wanaombea msamaha."

"Mimi Mchaga?"

"Hapana."

"Basi weka chini useme Kiswahili."

Nikasema. Sikupamba. Nilimwambia kibuyu kina mkaa, manyoya na betri. Nilimwambia nilijua hajaiba kitu, na niliona watu wanamtenga, na nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulinilindia mahindi. Nikampa karatasi na barua ya daktari. Nikavuta mkono wa shati nikamwonyesha makovu yangu, ya kwake na yangu sawa.

Aliendelea kupeta. Maharage yalikuwa yameshakuwa safi zamani.

"Betri ya nini?" akauliza.

"Ya redio."

Akaweka ungo chini. "Unakumbuka yale majani ya maboga?"

Sikukumbuka.

"Wiki ile kabla sijaanza kuwashwa. Ulikuwa umesimama pale kwenye msuku. Nikakuomba likolo, mboga ya jioni, ukasema, chuma tu shemeji. Nikachuma fungu moja. Nilipougua nikawaza, labda mdomo wake ulisema chuma na moyo wake ukakataa, na kibuyu kikausikia moyo." Akaitazama mikono yake. "Miaka sita nawaza moyo wako ulisema nini siku ile."

Nimejibizana na wenyeviti, na wanunuzi wa mahindi, na mapadri wawili. Pale nilikaa chini karibu na ungo wake. Mwishowe nikamwambia moyo wangu siku ile haukusema kitu, ulikuwa unawaza matofali.

Akakunja karatasi akaiweka kwenye khanga. "Hospitali nitakwenda. Lakini hukunyamazia Msamala, shemeji. Ulinyamazia Maposeni."

Maposeni tena

Amekwenda hospitali ya mkoa. Wamempima na yeye, ni ugonjwa ule ule, na anapaka dawa. Mlionifuata shambani Jumapili ile baada ya misa mnajua yaliyotokea, lakini wengi hamkuwepo, na waliokuwepo kila mmoja anasimulia la kwake.

Mahindi yalikuwa yamefikia kuchoma. Nilipanda ngazi mwenyewe, nikakishusha kibuyu, nikakimimina kwenye ungo mbele ya watu wa jumuiya. Wengine walirudi nyuma. Longino akasogea, akaiokota betri, akaitikisa sikioni.

"Hii ndiyo iliyokuwa inagonga?"

"Hiyo."

"Na mimi nilitaka kuvuka Ruvuma kumtafuta mganga wa betri."

Watu walicheka, na nikawaacha wacheke. Halafu nikasema lile la Generosa, kwa sauti, kwa jina lake, na kwamba nilijua. Hapo hakuna aliyecheka. Wengi walitazama chini, maana kila mmoja alikumbuka kikombe alichokataa kunywa kwake. Mtu mmoja akauliza sasa mahindi yatalindwa na nani. Nikamwambia yatalindwa na aibu zenu, na zikishindwa mtaiba. Na mmeshaanza, mistari ya barabarani naiona.

Generosa alikuwa amesimama nyuma na binti yake. Watu wakampisha. Akapita katikati yao, akaingia shambani, akatembea mpaka chini ya msuku, akachagua hindi taratibu kama mtu aliye sokoni. Mkono wake ulisimama juu yake. Akanigeukia, akangoja, na nikaelewa anachongoja.

"Chuma tu, shemeji," nikasema.

Akalivunja. Likalia shamba zima.

"Safari hii wamesikia," akasema, akavunja la pili.